Sumu ya nge na chaneli za sodiamu

Sumu ya nge hutengenezwa katika tezi mbili zilizo ndani ya kipande cha mwisho cha mkia, kile chenye mwiba. Kwa waokota korosho mwiba huo si jambo la mbali: Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, ni wilaya za korosho, na korosho huokotwa chini, penye majani makavu ambamo nge hupenda kujificha mchana.

Ukubwa wa nge hudanganya. Pandinoides cavimanus, nge mkubwa wa Tanzania mwenye magando manene mekundu, hutisha kuliko anavyodhuru. Wa kuangaliwa zaidi ni wale wa familia ya Buthidae, wenye magando membamba, kama Babycurus jacksoni anayeishi chini ya magome ya miti. Sumu za familia hiyo ndizo hasa zenye peptidi zinazoshika chaneli za sodiamu.

Chaneli hizo ni protini zilizopenya utando wa seli ya neva. Ishara ikifika hufunguka, sodiamu ikaingia kwa wingi, kisha katika milisekunde chache lango hujifunga. Peptidi za nge, zenye asidi amino 60 hadi 76 hivi, huvuruga utaratibu huo kwa namna mbili. Sumu za alfa hushika sehemu ya nne ya chaneli na kulizuia lango lisijifunge upesi, hivyo ishara hurefuka. Sumu za beta, zinazojulikana zaidi kwa nge wa mabara ya Amerika, hushika sehemu ya pili na kulifungua lango kabla ya wakati. Kwa mgonjwa matokeo hukaribiana: maumivu makali, ganzi, jasho, na ikizidi, mate kutiririka, misuli kurukaruka na moyo kwenda mbio.

Watafiti nao wamefaidika. Mwaka 1980 William Catterall na mwenzake, huko Marekani, waliitia sumu ya nge alama ya mionzi, wakaiacha ishike chaneli, na kwa njia hiyo wakaitambua protini yenyewe.

Lignokeini, dawa ya ganzi inayofahamika sana hospitalini, huziba chaneli hizohizo. Ndiyo maana ikichomwa karibu na jeraha maumivu hupungua. Mtu mzima mara nyingi hutosheka na dawa ya maumivu na kitambaa cha baridi. Mtoto mdogo ni habari nyingine, kwani kipimo kilekile cha sumu kinaingia katika mwili mdogo: akitokwa mate, akitapika au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali bila kungoja. Kuchanja jeraha hakuzibandui peptidi zilizokwisha kushika chaneli.