Mbigili: Ua la manjano lenye miiba chini

WAKAZI wengi wa pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, wakiwamo wa Bunju, wameonja miiba ya mbigili kabla ya kulitazama ua lake. Mmea huu wa nchi kavu hutambaa ardhini, na ni rahisi kuutambua ukiwa bado mchanga.

Kitaalamu huitwa Tribulus terrestris, jina lililotolewa na mwanasayansi wa Sweden, Carl Linnaeus, mwaka 1753. Neno la kwanza limetokana na vyuma vyenye ncha vilivyotawanywa ardhini zamani kuzuia farasi wa vita.

Alama ya kwanza ni umbo. Mashina yenye vinyweleo hutoka kwenye mzizi mmoja na kusambaa pande zote kama mkeka, na yanaweza kufikia urefu wa mita moja au zaidi. Majani hukaa mawili mawili yakitazamana, moja likiwa kubwa kuliko jingine, na kila moja lina jozi kadhaa za vijani vidogo.

Ua ni la manjano, lina petali tano na upana wa takriban sentimeta moja. Huchanua asubuhi. Iwapo ua ni kubwa zaidi, la sentimeta mbili hadi nne, huenda ni ndugu yake, Tribulus cistoides, apatikanaye sana pwani.

Tunda likikauka hupasuka vipande vitano vigumu. Kila kimoja huwa na miiba miwili mirefu, mfano wa kichwa cha mbuzi chenye pembe. Hunasa kwenye viatu, kwato na matairi ya baiskeli, na hivyo ndivyo mbegu zinavyosafiri.

Makazi yake ya asili ni maeneo ya joto na ukame ya Afrika, Asia na kusini mwa Ulaya. Hupenda mchanga, jua kali na ardhi isiyo na kivuli. Mzizi wake huenda chini sana kutafuta maji, na hutengeneza chakula kwa njia inayotumiwa pia na mahindi na miwa, ambayo hubana matumizi ya maji. Ndiyo maana hustawi kando ya barabara, viwanjani na kwenye viwanja vya kujenga vilivyofyekwa.

Wafugaji nao hawana budi kujihadhari. Kondoo wakiula kwa wingi, hasa unaponyauka, hudhurika ini, na jua huwavimbisha uso na masikio.

Mwaka 1961 Marekani iliingiza aina mbili za fukusi ili kuupunguza. Kwa mwenye uwanja, dawa nyepesi ni kuung'oa na mzizi wake mara uonekanapo, kabla tunda halijakomaa, kwani mbegu huweza kulala udongoni miaka kadhaa. Penye watoto wachezao pekupeku, kazi hiyo isingoje miiba ikauke.