Basi Bovu: Litengenezwe au Libadilishwe?

Somo la historia kwa watu wazima

Leo tutasoma historia ya mabasi ya Dar es Salaam, hasa kama walivyoyaona watu wa Temeke, ambao wengi wao tangu zamani hukaa mbali na kazi zao.

Hatusomi habari hizi kwa kujifurahisha tu. Ndani yake mna swali linalomkabili kila mwenye gari lililozeeka: Je, nilitengeneze tena, au niliache nitafute jingine? Swali hilo linampata pia mwenye cherehani na mwenye mashine ya kusaga.

Wazee walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Tena walisema, "Kipya kinyemi ingawa kidonda." Methali ya kwanza yatuhimiza kutengeneza. Ya pili yatuonya tusivutwe na kitu kwa sababu ni kipya tu. Zote mbili zaelekea upande mmoja. Lakini je, ndivyo ilivyo siku zote? Tuitazame historia.

MABASI YA ZAMANI

Temeke, kama Magomeni, ilikua sana baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Waingereza ilipopima viwanja vya Waafrika nje ya mji. Mtu wa Temeke aliyefanya kazi bandarini au mjini alikwenda kwa miguu, kwa baiskeli, au kwa basi. Mabasi ya mji yalikuwa ya kampuni ya Waingereza iliyoitwa Dar es Salaam Motor Transport. Watu waliiita DMT.

Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967. Mwaka 1970 Serikali iliichukua DMT ikawa mali ya umma. Mwaka 1974 kampuni hiyo iligawanywa mara mbili. KAMATA ilipewa mabasi ya kwenda mikoani, na Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, ikapewa mabasi ya mji.

Kazi ya UDA ilikuwa kubwa. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba eneo ambalo baadaye lilikuwa Mkoa wa Dar es Salaam lina watu zaidi kidogo ya 350,000. Hesabu ya mwaka 1978 ilionyesha zaidi ya 840,000. Nauli ilipangwa na Serikali, nayo iliwekwa chini ili mtu wa kipato kidogo aweze kulipa. Jambo hilo lilikuwa jema kwa abiria. Lakini basi halijui wema wala ubaya. Kila siku likitembea, huchakaa.

Hapa andika neno moja katika daftari lako: KUCHAKAA. Gari likipita barabarani, tairi hulika, springi hulegea, na injini huanza kunywa oili. Kama nauli yatosha kulipa dizeli na mishahara tu, bila kubaki kitu cha kununulia gari jingine, basi mwenye gari anakula gari lenyewe kidogo kidogo. Hatambui, kwa sababu bado laonekana linatembea.

MIAKA YA SHIDA

Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda sana duniani, ikapanda tena mwaka 1979. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, na vita vya kumwondoa viliendelea mpaka mwaka 1979. Mambo hayo yote yalikula fedha za kigeni, nazo ndizo zilizonunua vipuri.

Utakumbuka mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yale yenye kiungo katikati, watu waliyoyaita kumbakumba. Kama hukuyaona, waulize wazee. Basi moja lilichukua watu wengi sana. Lakini kifaa chake kikivunjika, hukipati kwa muuza vyuma wa Kariakoo. Sharti kiagizwe ng'ambo. Basi lililokosa kifaa kimoja liliegeshwa, na mafundi wakalazimika kufungua vifaa vyake ili basi jingine litembee. Yaliyoegeshwa yakazidi.

Tazama vizuri, ndugu msikilizaji. UDA haikupungukiwa kwa sababu mafundi hawakujua kazi. Kutengeneza kulitaka fedha za kigeni. Kununua mabasi mapya kulitaka fedha hizo hizo, tena nyingi zaidi. Njia zote mbili zilizibwa kwa pamoja. Mwenye gari asiyeweka akiba mapema hufika mahali hapo hapo: hana fedha za fundi, wala hana za gari jingine.

DALADALA

Watu wakingoja basi kwa saa nyingi, watatafuta njia. Yalitokea magari ya watu binafsi yaliyobeba abiria bila ruhusa, yakaitwa chai maharage. Abiria walikaa kwenye mabenchi wakitazamana, kama watu wanaokunywa chai kwa maharage katika mkahawa.

Mwaka 1983 Serikali ilikubali magari ya watu binafsi yabebe abiria mjini. Nauli ilikuwa shilingi tano. Sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala, na makondakta walinadi, "Dala! Dala!" Ndipo likaja jina la daladala. Mwaka 1984 Serikali ilimruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Kwa hiyo magari yaliongezeka. Baadaye mabasi madogo ya Toyota yaliyokwisha kutumika Japani, yale yaliyoitwa vipanya, yalijaa katika njia za Tandika, Mbagala na Temeke.

Kwa nini Mjapani aliuza gari ambalo mtu wa Temeke aliona bado zima? Katika Japani sheria hutaka gari dogo la nyumbani likaguliwe linapotimiza miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili. Ukaguzi huo hugharimu fedha nyingi, na ujira wa fundi ni mkubwa. Gari likizeeka, mwenyewe huona afadhali aliuze. Huku kwetu ujira wa fundi ni mdogo, na gari jipya ni ghali mno. Tena Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani wake watufaa. Gari ni lile lile, lakini hesabu ni mbili. Mjapani hakukosea kuuza, wala mtu wa Temeke hakukosea kununua.

Basi, jibu la swali letu halimo katika umri wa gari peke yake. Limo katika hesabu.

HESABU YA TAJIRI

Katika kazi ya daladala mwenye gari huitwa tajiri, na fedha anazoletewa na dereva kila jioni huitwa hesabu. Tuchukue mfano. Tajiri mmoja wa Tandika huletewa shilingi 60,000 kwa siku.

Gari lilipokuwa zima, lilifanya kazi siku 26 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 1,560,000. Fundi alichukua 360,000. Zilibaki 1,200,000.

Sasa gari limezeeka. Mwezi huu limefanya kazi siku 17 tu, na siku 9 limelala gereji. Hizo ni shilingi 1,020,000. Fundi amechukua 820,000. Zimebaki 200,000.

Tajiri amepungukiwa shilingi 1,000,000. Ukimwuliza sababu, atamlaumu fundi. Lakini fundi ameongeza 460,000 tu. Zile nyingine 540,000 zimepotea katika siku 9 za kulala gereji, nazo hazimo katika risiti yoyote. Asiyeandika hazioni.

Sasa fundi anasema injini ishushwe, itengenezwe yote kwa shilingi 3,000,000. Tajiri akubali? Kama chasisi na bodi ni nzima, na injini ndiyo iliyokuwa ikililaza gari, hali itarudi kama zamani. Atapata 1,000,000 zaidi kila mwezi, na gharama itarudi kwa miezi mitatu. Atengeneze. Lakini kama chasisi imeliwa na kutu ya chumvi ya pwani, gia zinaruka, na nyaya za umeme zimeungwa-ungwa, injini nzima itakuwa ndani ya gari bovu. Leo atalipa injini, kesho gia, keshokutwa chasisi. Hapo ufa umekwisha kuwa ukuta, na afadhali auze angali anapata mnunuzi.

Jambo moja haliingii katika hesabu hii, nalo ni breki na usukani. Hivyo havingoji mwisho wa mwezi. Gari lisilo na breki halitoki, hata kama tajiri ana deni.

Na ukiamua kubadili, usitazame rangi. Uliza kwanza: vipuri vyake vyapatikana mjini? Fundi wa mtaani kwetu analijua? Kumbuka kumbakumba.

KAZI YA DARASA

Chora safu nne katika daftari lako: siku za barabarani, fedha zilizoingia, fedha za fundi, na siku za gereji. Ongeza ya tano, akiba ya gari jingine, na uijaze tangu mwezi wa kwanza, gari lingali zima. Asiye na gari afanye hivyo kwa baiskeli au cherehani yake.

Kisha jibuni pamoja maswali haya:

1. UDA ilianza mwaka gani, na ilitokana na kampuni gani?
2. Kwa nini basi lililokosa kifaa kimoja lilifunguliwa vifaa vingine?
3. Mjapani na mtu wa Temeke walipataje majibu mawili juu ya gari moja?
4. Kama tajiri wetu angelipia injini 3,000,000, lakini gari likaendelea kulala gereji siku 7 kwa mwezi, je, angefanya vyema?

Ndugu zangu, zamani wengi walishindwa kuweka hesabu kwa sababu hawakujua kuandika. Ninyi sasa mwajua. Wazee walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Kwaherini, mpaka somo lijalo.