Uwekaji wa majina kwenye ramani (Geita na Shinyanga)

Uwekaji wa majina ni kazi ya kuamua kila jina likae wapi kwenye ramani ili lisomeke bila kufunika jingine. Mswisi Eduard Imhof aliandika kanuni zake mwaka 1962. Miaka 10 baadaye Pinhas Yoeli akaonyesha jinsi kompyuta inavyoweza kuzifuata. Kwa wingi, mashine haina mshindani: majina 20 tu, kila moja likiwa na nafasi 4, yana mipangilio zaidi ya trilioni 1. Mazoea basi ni kuiacha imalize, kisha mtaalamu asahihishe. Ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga unaonyesha kwamba ujuzi wa mtaalamu unafaa zaidi kabla mashine haijaanza.

Katoro na Buseresere ni miji iliyoshikana kwenye barabara ya Geita kwenda Bwanga, lakini Katoro uko Wilaya ya Geita na Buseresere, upande wa magharibi, uko Chato. Programu nyingi hupenda kuanzia juu kulia mwa nukta, na hapo jina la Buseresere litavuka mpaka na kulala juu ya Katoro. Imhof alikwisha kuagiza kwamba jina la mahali pa mpakani libaki upande wa mahali penyewe. Mashine inangoja tu kuambiwa. Cheo nacho kina mitego. Geita ni mji, wilaya na, tangu 2012, mkoa. Shinyanga nayo ni jina la mji, wilaya na mkoa. Anayepanga uzito wa majina kwa ngazi ya utawala pekee ataipa kata ya Nyarugusu huko Geita, yenye maduara (mashimo ya wachimbaji) na makarasha (mashine za kusaga mawe), uzito wa kata yoyote ya mashamba. Anayefuata umaarufu wa mtandaoni huenda akaangukia Nyarugusu nyingine kabisa, kambi ya wakimbizi ya Kasulu.

Zipo hoja za kupinga. Wajuzi ni ghali na hawakubaliani: hata jina la kata ya Rwamgasa huko Geita, wengine huandika Lwamgasa. Tena ramani ya simu hujichora upya kila unapoikuza, na hakuna mchoraji wa kukaa nayo. Hoja hii ya pili, kwa kweli, inaunga mkono kuwahi: jina lililosogezwa kwa mkono hupotea ramani ikichorwa upya, ilhali agizo lililomo kwenye data hudumu. Kudumu huko kuna hatari yake panapotokea rashi (watu wengi kukimbilia dhahabu mpya), kwa kuwa kambi ya wachimbaji wadogo huweza kuhama dhahabu ikikauka. Jina la namna hiyo lipewe tarehe ya kuthibitishwa, na muda ukipita programu iliondoe, hadi mtu wa huko aseme bado wanachimba.