Tablo na viti vya skai: namna ya kusafisha ndani ya gari bila kuiharibu

Magari mengi yanayotembea Goma, Bukavu ao Uvira yalifika kama okazio kutoka Japani, volani ikiwa kuume. Yanapofika, plastiki zake zimekwisha kupigwa na jua myaka mingi. Ndiyo maana tablo inayong'aa siku ya kununua inaweza kupasuka mapema, na kiti cha skai kikaanza kukatika kwenye mshono. Mara nyingi lawama inapewa jua peke yake. Lakini dawa ambayo watu wanapaka ili ndani ing'ae nayo ina sehemu yake.

Skai ni ngozi ya bandia, na ni ndugu ya tiyo ngumu za plastiki za kupitishia maji. Zote mbili zinatengenezwa kwa PVC. Tofauti ni kwamba ndani ya skai kiwanda kinaongeza mafuta ya kuilainisha. Joto linatoa mafuta hayo polepole, na ile ukungu yenye kunata inayopatikana kwenye paraburizi, upande wa ndani, kwa sehemu inatoka huko. Mafuta yakipunguka, skai inarudi kwenye asili yake: inakuwa ngumu, kisha inapasuka. Tena kuna mionzi ya jua isiyoonekana na macho, inayokata plastiki kidogo kidogo na kufifisha rangi. Kandokando ya ziwa Kivu, karibu metre 1.460 juu ya bahari na si mbali na ikweta, mionzi hiyo ni mikali hata siku ambapo hewa ni baridi. Na gari likifungwa juani, hata kama inje ni digri 25, hewa ya ndani inaweza kupita digri 40 kwa saa moja tu. Tablo inapanda zaidi ya hapo.

Goma ina shida yake ya pekee. Mji umejengwa juu ya mawe ya volkano Nyiragongo, na mavumbi yake meusi ni mawe hayo yaliyosagwa na magurudumu. Ni magumu. Kupangusa tablo kwa kitambaa kikavu ni sawa na kuisugua kwa mchanga. Kwa hiyo mavumbi yanaondolewa kwanza: tapi zinakung'utwa inje, burosi laini inapita kwenye matundu ya hewa na kwenye mshono, kisha kitambaa chenye unyevu kidogo.

Kwa kuosha, hakuna haja ya kitu cha bei. Kijiko kimoja cha sabuni ya maji ya kuoshea sahani katika litri 2 za maji ya vuguvugu kinatosha. Kazi inaanza juu na kushuka chini, gari likiwa kivulini na tablo imekwisha kupoa. Kitambaa kinakamuliwa vizuri, zaidi karibu na redio na vitufe vya vitre, juu maji yakiingia pale fundi wa umeme ndiye atafaidi. Uchafu ulioshika kwenye skai unatolewa na burosi ya meno ya zamani, bila nguvu. Kisha kitambaa cha pili, chenye maji safi tu, kinaondoa sabuni, na milango inaachwa wazi mpaka kukauke.

Esansi ndiyo mbaya kuliko vyote. Kweli inatoa grisi haraka, lakini inakausha skai na kuondoa rangi. Tena mvuke wake ni mzito kuliko hewa: unabaki chini ya viti, ukingojea cheche moja ao sigara ya abiria. Ndani yake pia mna benzini, inayoleta kansa. Javeli inafifisha rangi na kula nyuzi za mshono. Vim inakwaruza. Mafuta ya mawese ao ya kupikia yanang'arisha kwa siku mbili, halafu yanaoza, yananata na kukamata mavumbi yote ya barabara.

Zile dawa za kung'arisha zinazouzwa katika chupa si zote sawa. Zilizo za maji mara nyingi ni nyeupe kama maziwa, na hazina harufu ya esansi. Hizo ndizo za kuchagua, zaidi kama chupa imeandikwa kwamba inazuia mionzi ya UV. Zinawekwa kidogo kwenye kitambaa, zinapakwa, na kinachobaki kinapanguswa. Tablo ikibaki bila kung'aa sana ni vizuri, kwani tablo inayong'aa inatupa mwanga kwenye paraburizi, na shofere anayepanda na jua usoni haoni mwenye kuvuka. Volani na pedali hazipakwi hata kidogo, juu zinateleza. Mahali pa erbagi, ule mfuko wa hewa unaofunguka wakati wa ajali, pasilowanishwe wala pasifunikwe na kitu.

Kivuli kinalinda kuliko chupa yoyote. Palipokosekana muti ao hangari, karto iliyokatwa kwa kipimo cha paraburizi inafanya kazi, na kitenge juu ya viti vilevile. Skai iliyokwisha kupasuka haiponi kwa kupakwa: fundi wa viti atakata kipande na kushona kingine, na ni rahisi zaidi ufa ukiwa bado mufupi.