Akiba ya Kaya na Siasa ya Kujitegemea: Kibaoni na Eneo la Mpimbwe, Miaka ya 1920 hadi 2010

1.0 Utangulizi

Katika historia ya Tanzania, dhana ya kujitegemea hufungamanishwa na Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967. Ufungamanisho huo ni sahihi kwa upande wa siasa ya taifa, lakini hautoshi kueleza historia ya kaya. Kibaoni ni kijiji cha Mpimbwe katika Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012 kutokana na sehemu ya kaskazini ya Mkoa wa Rukwa. Huko, maandalizi ya kukabili mwaka mbaya yalikuwapo kabla ya Azimio, na yaliendelea baada ya siasa iliyolizaa kulegezwa. Makala haya yanachunguza maandalizi hayo katika vipindi vinne: kuhamishwa kwa watu wakati wa ukoloni wa Waingereza, Operesheni Vijiji, dhiki ya uchumi ya miaka ya mwanzo ya 1980, na soko huria lililofuata.

Hoja kuu ni kwamba kaya ya Mpimbwe ilijitegemea pale ilipokuwa na akiba za aina nyingi, pamoja na uwezo wa kuzifikia. Kila badiliko kubwa la karne ya 20 liliongeza akiba ya aina moja na kupunguza ya aina nyingine. Kwa hiyo, suala la msingi katika historia hii ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuamua akiba ipi ibaki mikononi mwa kaya. Kuwepo au kutokuwepo kwa ari ya kujitegemea miongoni mwa wanakijiji hakuelezi tofauti za vipindi hivyo.

2.0 Akiba za Kaya na Uhamisho wa Miaka ya 1920

Eneo la Mpimbwe liko upande wa kaskazini wa Bonde la Rukwa, na limepakana na misitu ya miombo na mbuga za Katavi. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia mwezi Novemba hadi Aprili. Mpangilio huo wa mvua ndio msingi wa uchumi wa nyumbani: kaya huvuna mara moja, kisha hula mavuno hayo kwa miezi kumi na miwili. Miezi migumu ni ile ya mwanzo wa mwaka, wakati ghala limepungua, kazi ya palizi ni nyingi, na mazao mapya bado hayajakomaa.

Wapimbwe walikabili miezi hiyo kwa kutotegemea shamba peke yake. Walilima nafaka, waliwinda, walivua samaki katika mito na mabwawa, na walirina asali kutoka kwenye mizinga ya magome iliyotundikwa msituni. Uyoga, mizizi na matunda ya porini vilijaza pengo kabla ya mavuno. Pombe iliyopikwa na wanawake iligeuza sehemu ya nafaka kuwa kipato au kuwa malipo ya nguvukazi, kwa kuwa majirani walioalikwa kulima walikaribishwa kwa pombe. Undugu nao ulikuwa akiba, kwani aliyegawa mwaka wa neema alikuwa na mlango wa kubisha mwaka wa njaa.

Mfumo huo ulitikiswa na ugonjwa wa malale. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilikusanya watu wa sehemu nyingi za magharibi mwa Tanganyika katika makazi ya pamoja, ili kuwatenga na mapori yenye mbung'o. Wapimbwe walikuwa miongoni mwa waliohamishwa. Kwa upande wa afya, hatua hiyo ilikuwa na sababu za kueleweka. Kwa upande wa uchumi wa kaya, iliweka umbali kati ya makazi na maeneo ya mizinga, mawindo na mashamba ya zamani. Mapori yaliyobaki bila watu yalikuja kuhesabiwa kuwa makazi ya wanyamapori, na mwaka 1974 Katavi ikawa Hifadhi ya Taifa.

Katika kipindi hichohicho utawala wa kikoloni ulihimiza, na mara nyingine kulazimisha kupitia kwa watemi, kilimo cha mhogo kama kinga ya njaa. Mhogo ulifaa kwa sababu huweza kubaki ardhini baada ya kukomaa na huchimbwa kadiri unavyohitajika. Aidha, makopa yake hukaa muda mrefu. Hivyo kaya ilipoteza sehemu ya akiba ya msituni na kupata akiba mpya ya shambani. Tofauti ni kwamba akiba ya msituni haikuhitaji palizi.

3.0 Vijiji na Soko la Serikali

Azimio la Arusha lilitamka kuwa fedha si msingi wa maendeleo, na kwamba watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora ndivyo vitu vinavyohitajika. Kwa mkulima wa Mpimbwe kauli hiyo haikuwa ngeni, kwa kuwa fedha haikuwa imewahi kuwa akiba yake kuu. Ugeni ulikuwa katika utekelezaji. Mwezi Novemba 1973 Rais Julius Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini kungekuwa agizo la lazima, na muda uliowekwa ulikuwa hadi mwisho wa mwaka 1976. Katikati ya miaka ya 1970 vitongoji vilivyotawanyika vya Mpimbwe vilikusanywa katika vijiji.

Vijiji vilileta shule, zahanati na ofisi karibu na watu. Hata hivyo, uhamisho huo uliingiliana na ukame wa mwaka 1973 na 1974 pamoja na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, na taifa likalazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Siasa ya kujitegemea ilikabiliwa na mtihani wake wa kwanza wa chakula katika wakati uleule ambapo kaya nyingi zilikuwa zikianza mashamba mapya.

Serikali ilijibu kwa kupanga bei moja ya mazao kwa nchi nzima. Shirika la Taifa la Usagishaji, lililojulikana kwa kifupi chake cha NMC, lilinunua mahindi ya mkulima wa Rukwa kwa bei ileile ya mkulima aliye karibu na Dar es Salaam. Kwa mkoa ulio mbali na bandari na masoko makubwa, bei hiyo ilikuwa ruzuku isiyotajwa kwa jina hilo. Rukwa ikaungana na Iringa, Mbeya na Ruvuma katika kundi la mikoa minne mikubwa ya mahindi. Kaya ikapata akiba mpya, yaani bei inayojulikana kabla ya kupanda mbegu. Akiba hiyo, lakini, haikuwa mikononi mwake. Ilitegemea malori, magunia, mafuta na fedha za shirika moja.

4.0 Dhiki ya 1979 hadi 1986

Mtihani wa pili ulikuja baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na kupanda tena kwa bei ya mafuta. Fedha za kigeni zilipungua, na bidhaa kama sukari, sabuni, nguo na mafuta ya taa zikaadimika madukani. Magari ya kusomba mazao yalikosa vipuri na mafuta, na mara nyingi mahindi yaliyonunuliwa katika mikoa ya mbali yalisubiri kusafirishwa huku malipo ya wakulima yakichelewa.

Kipindi hiki kinaonesha kwa uwazi tofauti kati ya uzalishaji na maandalizi. Kaya iliyolima mahindi mengi na kuyauza yote ilijikuta na stakabadhi, wakati duka halikuwa na cha kuuza. Kaya iliyobakiza nafaka ghalani, mhogo shambani, kuku uani na mizinga msituni ilikosa sabuni na nguo kama wengine, lakini haikukosa mlo. Katika wilaya za miombo asali iliweza kushika nafasi ya sukari. Kwa mantiki hiyo, mbinu ambazo wataalamu wa kilimo walizichukulia kuwa dalili ya kubaki nyuma ndizo zilizobeba kaya katika miaka ambayo mpango wa taifa ulikwama.

5.0 Soko Huria, Mpunga na Ng'ombe

Kuanzia mwaka 1984 serikali ililegeza biashara, na mwaka 1986 ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu masharti ya kurekebisha uchumi. Bei moja ya nchi nzima iliondolewa hatua kwa hatua, na gharama ya umbali ikarudi mabegani mwa mkulima. Katika Bonde la Rukwa mpunga ulipata nafasi kubwa zaidi kama zao la biashara. Wafugaji Wasukuma, ambao tangu miaka ya 1970 walikuwa wakihamia eneo hilo na mifugo yao, waliongeza mashamba na makundi ya ng'ombe.

Tofauti ya akiba ilionekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na Craig Hadley, Monique Borgerhoff Mulder na Emily Fitzherbert kuhusu kaya za Wapimbwe na Wasukuma ulionesha kuwa uhaba wa chakula hufuata msimu, na kwamba uliwakabili Wapimbwe zaidi kuliko Wasukuma. Ng'ombe ni akiba inayotembea na inayozaa. Huuzwa pale ghala linapokauka. Mpimbwe asiye na mifugo, na ambaye msitu umefungwa kwake kwa sheria za uhifadhi, alibaki na ghala peke yake. Anapokosa fedha ya matibabu au ada mwezi Januari, hulazimika kuuza mpunga ungali shambani, kwa bei ya mnunuzi. Mavuno yanapofika, sehemu yake si yake tena.

Hatua za serikali za kipindi hicho zilielekezwa zaidi kwenye uzalishaji. Mizengo Pinda, mzaliwa wa Kibaoni aliyejiita mtoto wa mkulima, alikuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 2008 hadi 2015, wakati kaulimbiu ya Kilimo Kwanza ilipotangazwa mwaka 2009. Ufugaji wa nyuki alioupigia debe ulirudisha heshima ya akiba ya zamani. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ulianzishwa mwaka 2008. Akiba ya taifa ina umuhimu wake, ila hufunguliwa kwa uamuzi wa serikali, ilhali kihenge cha nyumbani hufunguliwa na mwenye nyumba siku anayohitaji.

6.0 Hitimisho

Historia ya Kibaoni na Mpimbwe inaonesha kuwa kujitegemea hakukuwa na maana ya kaya kujitenga na soko au na serikali. Kulikuwa na maana ya kutofikishwa mahali ambapo kukwama kwa kitu kimoja, kiwe lori, bei au mvua, kunamaliza njia zote za kuishi. Uhamisho wa miaka ya 1920, vijiji vya miaka ya 1970, bei ya pamoja na soko huria vilileta manufaa yanayotofautiana, lakini vyote vilielekea kupunguza idadi ya akiba zilizo chini ya uamuzi wa kaya yenyewe. Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa Mpimbwe usemi huo unahitaji nyongeza moja: akiba haiozi iwapo mwenye nayo anaruhusiwa kuifikia. Sera inayohimiza kaya kuongeza mavuno bila kulinda haki hiyo huongeza kilichomo ghalani mwezi Juni, na kuliacha ghala tupu mwezi Januari.