Joistiki ya Pini 15 Iliyofika Musanda

Leo nazungumzia joistiki, ule mpini wa kurushia ndege kwenye michezo ya kompyuta, na naanzia Musanda, kule upande wa Mumias, maana ndiko simu ilikotoka.

Mpwa wangu amemaliza kidato cha nne na ana ugonjwa mmoja tu: ndege. Kwenye laptopu yake ya mtumba ameweka FlightGear, programu ya bure ya kuiga urushaji wa ndege, na kwa miezi kadhaa amekuwa akirusha Cessna kwa kutumia kicharazio. Sasa, kurusha ndege kwa vitufe vya mishale ni kama kusonga ugali kwa kijiko cha chai. Inawezekana, lakini utajuta. Basi mama yake, dada yangu, akauza kuku wawili, kijana akaenda Kisumu, akarudi na joistiki nyeusi, nzito, ya kizamani, aliyoichagua kwenye rundo la vifaa vya kompyuta vilivyotumika. Kwa macho ni nzuri sana. Shida ni kwamba mwisho wa waya wake kuna plagi pana yenye pini 15, na laptopu haina tundu la namna hiyo.

"Khotsa, nimepigwa?" akaniuliza kwenye simu. Nyuma yake nilimsikia dada akiuliza lake: kuku wangu wameliwa na mchezo?

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia asiitupe, kisha nikaanza kumweleza pini zile zilitoka wapi. Maelezo hayo ndiyo haya, nimeyanyoosha kidogo.

Ndege ya kwanza haikuwa na joistiki. Tarehe 17 Desemba 1903, Orville Wright aliruka akiwa amelala kifudifudi. Kiuno chake kilikaa kwenye kitanda kidogo cha mbao kilichofungwa kwa waya zilizokwenda kwenye mabawa. Akitaka ndege ilale ubavu wa kushoto, alisogeza kiuno kushoto! Pua ya ndege aliiinua na kuishusha kwa mpini wa mkononi. Miaka michache baadaye, Ufaransa, akina Robert Esnault-Pelterie na Louis Blériot walikusanya kazi hizo kwenye fimbo moja. Vuta kwako, pua inapanda. Sukuma, inashuka. Laza kushoto au kulia, ndege inalala ubavu huo. Miguu ikapewa usukani wa mkia. Blériot alipovuka bahari kutoka Ufaransa hadi Uingereza tarehe 25 Julai 1909, alivuka kwa mpangilio huo, na ndio uliobaki mpaka leo: mkono kwa fimbo, miguu kwa mkia. Likumbuke hilo la miguu, tutalirudia tukifika dukani.

Wazee wa kando ya ziwa waliziona ndege mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1931 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilifungua njia ya London hadi Mwanza, na Kisumu ikawa kituo, ndege zikitua juu ya maji ya Ziwa Victoria kama bata. Wakati huo fimbo na usukani vilikuwa bado vimefungwa moja kwa moja kwenye mabawa na mkia kwa nyaya za chuma. Rubani alisikia upepo mikononi mwake.

Jaribio la kuiga jambo hilo ardhini lilitoka kwenye karakana ya vinanda. Edwin Link wa Binghamton, jimbo la New York, alikulia katika kiwanda cha baba yake kilichotengeneza vinanda vya kujipiga vyenyewe kwa nguvu ya hewa. Mwaka 1929 alichukua mivukuto ile ile ya vinanda, akaiweka chini ya kiboksi chenye mabawa mafupi, akaweka fimbo ndani. Ukisogeza fimbo, hewa inaingia mvukuto mmoja na kutoka mwingine, na kiboksi kinainama. Watu walikicheka, wakakiona bembea ya maonyesho. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kubeba barua kwa ndege wakati wa baridi kali, na marubani wake wakaanza kufa kwa sababu hawakuzoea kuruka wasipoona nje. Mwaka huo huo jeshi likanunua viboksi 6 vya Link. Katika Vita vya Pili, marubani zaidi ya laki tano walijifunzia humo. (Dada, kama unasoma: huo nao ulikuwa mchezo kabla haujawa shule.)

Vita hivyo ndivyo vilivyoikata fimbo kutoka kwenye nyaya za chuma. Mwaka 1943 Wajerumani walitumia bomu la kuongozwa lililoitwa Hs 293. Aliyeliongoza alikaa ndani ya ndege nyingine, akisogeza joistiki ndogo, na amri zikasafiri kwa redio. Hapo likazaliwa swali ambalo kila mtengenezaji wa joistiki analijibu hadi leo, na kwangu mimi ndilo linaloamua ununue ipi: kama fimbo haivuti chochote, kifaa kitajuaje fimbo iko wapi?

Kuna jibu la mkato. Joistiki ya Atari ya mwaka 1977 ilikuwa na swichi tano tu: juu, chini, kushoto, kulia na kitufe cha kufyatulia. Swichi inajua ndiyo au hapana. Kwa kupiga risasi inatosha, lakini kwa kutua haifai hata kidogo, maana ndege inataka kujua umevuta kiasi gani. Kwa hiyo likahitajika jibu la pili, nalo Musanda nzima inalijua bila kujua kwamba inalijua: ni kile kidude cha kuongeza sauti ya redio. Kitaalamu kinaitwa potenshiomita. Fundi wetu wa redio anakiita volyumu, na mimi nitamfuata fundi.

IBM walipotoa kompyuta yao binafsi mwaka 1981, waliiuzia kadi ya michezo kwa dola 55, na tundu la kadi hiyo lilikuwa la pini 15. Ndilo tundu la joistiki ya mpwa wangu! Ndani ya joistiki kuna volyumu mbili, moja ya kushoto na kulia, nyingine ya mbele na nyuma. Uzuri wa kadi ile (au ubahili wake, chagua mwenyewe) ni kwamba haikupima nafasi ya fimbo. Ilipima muda. Fikiria mtungi chini ya bomba, na volyumu ndiyo koki. Programu inamwaga mtungi, kisha inasimama kuhesabu: moja, mbili, tatu... mpaka ujae. Koki ikiwa wazi kabisa, mtungi wa umeme unajaa kwa mikrosekunde 24 hivi. Koki ikibanwa hadi mwisho, unachukua takriban 1,100. Idadi uliyofikia ndiyo nafasi ya fimbo.

Mwandishi wa programu ukisoma hapo lazima ushike kichwa. Kompyuta yenye kasi zaidi inahesabu haraka zaidi, kwa hiyo fimbo ile ile inaleta idadi nyingine. Ndiyo sababu michezo ya miaka ile ilikuamrisha usogeze fimbo kona zote kabla ya kuanza. Tulidhani ni adabu za mchezo, kumbe kompyuta ilikuwa inajifunza kuhesabu upya.

Mchezo wenyewe ulikuwepo tayari. Bruce Artwick aliandika tasnifu yake kuhusu kuchora urukaji wa ndege kwa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1975, akauza programu yake kwa wenye Apple II mwanzoni mwa 1980, na mwaka 1982 Microsoft wakaitoa kwa IBM kwa jina la Flight Simulator. Ndege ilianzia kiwanja cha Meigs, Chicago. (Kiwanja chenyewe kilichimbuliwa usiku na tingatinga mwezi Machi 2003, kwa amri ya meya.) Tundu la pini 15 likaenea zaidi kadi za sauti za Sound Blaster zilipolibeba kuanzia 1989. Kisha mwaka 1996 ikaja USB, ambayo inaiacha joistiki ijihesabie yenyewe ndani na kupeleka jibu lililo tayari. Windows Vista ya 2007 ikaacha kabisa kulisoma lile tundu la zamani. Mamilioni ya joistiki nzima zikawa vyuma chakavu, na chuma chakavu, kama mjuavyo, huja kwetu.

Sasa tuingie dukani. Sitakutajia bei za leo, maana zitakuwa zimebadilika kabla hujafika kituo cha matatu. Uliza kwanza kinachopima ni nini. Volyumu ni kijiguu cha chuma kinachokwaruza juu ya utepe wa kaboni. Kinalika, kinapata vumbi, na barabara za murram zinazopitiwa na matrekta ya miwa hazina uhaba wa vumbi. Unajua redio kuukuu inavyokoroma ukigusa sauti? Ndege nayo inakoroma hivyo hivyo: umeituliza, mara inaruka ubavu bila kuguswa. Kabla ya kulipa, ichomeke kwenye laptopu, fungua ukurasa wa Windows wa kujaribia joistiki, sogeza fimbo polepole kutoka ukingo hadi ukingo. Alama ya msalaba ikitetemeka au ikiruka, weka pesa mfukoni au dai punguzo.

Kuna zinazopima bila kugusana. Microsoft walitumia mwanga katika SideWinder 3D Pro ya 1995, na za ukoo huo ukizikuta zikiwa na plagi ya USB, zitazame mara mbili. Nyingine hutumia sumaku, kwa kanuni aliyoigundua Edwin Hall huko Baltimore mwaka 1879: sumaku ikisogea karibu na kipande kinachopitisha umeme, volti ndogo inajitokeza ubavuni mwake. Hakuna kinachokwaruza, kwa hiyo hakuna kinacholika. Thrustmaster waliiweka teknolojia hiyo katika T.16000M, ambayo si ya bei ya chini kabisa lakini si ya matajiri. Tahadhari, sumaku inapima mihimili miwili mikuu tu, kwa hiyo usidhani kila kitu humo hakiliki.

Pili, ile miguu ya Blériot. Pedali za kweli ni ghali, kwa hiyo watengenezaji wa bei nafuu waliweka kazi ya miguu kwenye kifundo cha mkono: unazungusha fimbo yenyewe, mkia unageuka. Logitech Extreme 3D Pro inayo, pamoja na vitufe 12 na kiwiko kidogo cha nguvu ya injini, na kwa sababu imeuzwa miaka mingi, zilizotumika hazikosekani. Kati ya joistiki mpya isiyozunguka na iliyotumika inayozunguka, mimi nachukua iliyotumika, mradi imefaulu mtihani wa msalaba. Na kama hujajua bado kama ugonjwa huu utakushika, anza na pedi ya PlayStation aliyonayo jirani. Kijiti chake ni kifupi na kigumu kukituliza, lakini kinapima kiasi, si ndiyo na hapana.

Kidude cha kubadilisha plagi je? Kile cha plastiki tupu, cha pini 15 upande huu na USB upande ule, hakifanyi kitu, maana hakuna anayehesabu ule mtungi ndani yake. Unahitaji chenye ubongo.

Mpwa wangu tulimtengenezea ubongo. Nilikuwa na Arduino Leonardo mezani, bodi iliyotoka mwaka 2012 ambayo inaweza kujitambulisha kwa kompyuta kama joistiki ya USB. Pini ya 1 ya plagi inapewa volti 5, ya 4 inakwenda ardhini. Pini za 3 na 6 ndizo volyumu mbili, za 2 na 7 ndizo vitufe. Kila volyumu nikaipa rezista ya omu 47,000 hadi ardhini ili bodi isome volti badala ya kuhesabu muda. Mara ya kwanza ndege ililala ubavu tu na kukataa kunyooka! Masomo yalikwenda kutoka 1,023 hadi 327, na fimbo ikiwa katikati ilisoma 496 badala ya 675. Kosa langu, si la fimbo: volti haipandi kwa mstari ulionyooka. Gawa 1,023 kwa somo, toa 1, zidisha kwa 47,000, unapata ukinzani wenyewe, na huo unakwenda sawa na fimbo. Mstari mmoja wa programu. Volyumu zenyewe zilikoroma kidogo, fundi wa redio wa Mumias akazipulizia dawa yake ya kusafishia, akakataa pesa.

Jumapili iliyopita kijana ametua Kisumu, njia ya 06, akitokea juu ya ziwa, dada amesimama nyuma ya kiti chake na mwiko mkononi. Aliruka-ruka mara tatu kabla magurudumu hayajakubali. Fimbo yake haizunguki, kwa hiyo FlightGear inamgeuzia mkia yenyewe kila anapolaza mabawa, jambo linalomkera. Amechukua mbao mbili na bawaba, na anaulizia Musanda nzima nani ana redio iliyokufa lakini volyumu yake ni nzima, atengeneze pedali.