Lubaki, Antoinette na Djilatendo: watu wetu walioanza kuuza akwareli



Katika mikutano ya matawi, swali moja linarudi kila mara. Vijana wetu waliojifunza kuchora kwa rangi za maji kule kambini, Zambia na Tanzania, wanaomba mkopo katika sanduku la mutuelle wanunue karatasi, burashi na rangi. Wengine wanasema wapewe, kazi ni kazi. Wengine wanasema picha hailiwi, makuta ya sanduku ni ya mbegu, mbuzi na cherehani. Wanaouliza hivyo wana haki. Sanduku ni jasho la wote, na mkopo usiporudi, kuko mama mwingine anayekosa zamu yake.

Kabla ya kupiga kura, nimeona vizuri tuangalie historia kwanza, maana kazi hii si mpya katika inchi yetu. Karibu miaka mia moja iliyopita, watu wa Bukama na wa Kasai walichora akwareli zikafika mpaka Ulaya. Namna kazi yao ilivyoanza, na namna ilivyokatika, inatuhusu sisi wa leo.

Bukama, 1926

Wenye kupita Bukama wanajua ile fasi: reli inakutana na mto Lualaba. Reli kutoka Elisabethville, njo Lubumbashi ya leo, ilifika pale mwaka 1918. Tangu hapo abiria na mizigo vilishuka kwenye gari la moshi na kupanda mashua. Fasi ya wapita njia ni fasi ya soko. Kati ya watu waliofanya kazi ya mikono pale alikuwa Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za tembo. Alikuwa pia na mkono wa kuchora, na picha zake alizitia kwenye kuta za nyumba.

Mwaka 1926, Mbelgiji mmoja aliyetumikia Bula Matari, jina lake Georges Thiry, aliona nyumba zile zilizochorwa, zikamshangaza. Aliona kwamba mvua ikipiga na udongo ukibomoka, picha zinakwenda nazo. Basi akampa Lubaki karatasi na rangi za maji, amchoree kwenye karatasi yale anayochora ukutani. Lubaki akachora wanyama, ndege, mitende, wawindaji, watu wa kijijini na mambo mapya ya wakati ule.

Tusimame kidogo hapo, maana siri ya biashara yote iko ndani ya tendo hilo. Ukuta hauuziki. Ni wa mwenye nyumba, na hauwezi kusafiri. Karatasi inaviringishwa, inaingia posta, inavuka bahari kwa bei ndogo. Na rangi ya maji haiombi vitu vingi: kisanduku kidogo cha rangi, burashi moja ao mbili, kikombe cha maji. Haihitaji mafuta, wala turubai, wala chumba kikubwa, na inakauka upesi. Kwa mtu asiye na mtaji, hakuna uchoraji mwingine ulio rahisi kuanza kama huo. Ndiyo maana vijana wetu waliweza kuujifunza ata ndani ya kambi.

Lakini karatasi ina hasara yake. Kijijini kila mtu anajua nani alichora ukuta ule, hakuna haja ya kuandika jina. Karatasi ikishavuka bahari, haijui kusema ni ya nani. Mwenye kuipeleka njo anasema kwa niaba yake.

Mke wake na mshoni wa Kasai

Lubaki hakuwa peke yake. Mke wake, Antoinette, alichora pia, naye ni msanii kamili, hakuwa msaidizi tu. Kwa muda mrefu jina lake lilikaa nyuma ya jina la mume. Mwaka 2022 picha zake zilioneshwa katika maonyesho makubwa ya Venice, Italia, ambako wasanii wa dunia nzima wanatamani kuingia. Ni heshima, lakini ilimfikia miaka zaidi ya tisini baada ya kazi.

Thiry alipokwenda Kasai, upande wa Luluabourg (Kananga ya leo), alikutana na mwingine: Tshyela Ntendu, anayejulikana zaidi kwa jina la Djilatendo. Huyu alikuwa mshoni wa nguo. Ukitazama kazi yake unaona jicho la mtu wa kitambaa. Anajaza karatasi kwa mistari na mapambo yanayopangana, kama vitambaa vya Wakuba, kisha karatasi nyingine anachora watu, wanyama na vyombo vya kizungu. Sioni ajabu kwamba mmoja alikuwa mchonga pembe na mwingine mshoni. Wote wawili walikuwa na kazi ya kuwalisha kabla ya picha, na mkono wao ulikuwa umekwisha kuzoea kazi ndogo na safi.

Ulaya wanatazama

Thiry alipeleka karatasi kwa Gaston-Denys Périer, mtumishi wa wizara ya makoloni kule Bruxelles, mtu aliyependa sanaa na vitabu. Périer alijua milango ya kupiga hodi. Mwaka 1929 akwareli za Kongo zilioneshwa Bruxelles kwenye Palais des Beaux-Arts. Mwaka 1930 kazi za Lubaki zilioneshwa katika jumba la makumbusho ya etnografia la Genève, Uswisi, na Paris pia walizitazama. Mwaka 1931 kulitoka Bruxelles kitabu cha hadithi za Badibanga, L'éléphant qui marche sur des œufs, chenye picha za Djilatendo.

Kwa watu wa koloni, katika miaka ile, hilo si jambo dogo. Wakati wengi wa Ulaya waliamini kwamba Mwafrika anajua kuchonga sanamu tu, na bila kujua jina la aliyechonga, hapa kulikuwa watu wenye majina, wanachora maisha yao wenyewe kwa rangi.

Lakini tuangalie njia yenyewe ya biashara. Mchoraji yuko Bukama ao Kasai. Karatasi na rangi vinatoka kwa mzungu mmoja. Picha zinarudi kwa huyo huyo. Anazipeleka kwa mzungu wa pili. Wa pili njo anachagua fasi ya kuonesha, anasema na magazeti, anasema na wanunuzi. Mchoraji hamjui mnunuzi, na mnunuzi hamjui mchoraji. Bei inapangwa mbali, kwa lugha nyingine. Daraja lote liko juu ya miti miwili tu.

Katikati ya miaka ya 1930 daraja hilo lilikatika. Thiry na Périer walikosana, na karatasi na rangi zikakoma kufika. Wachoraji walikuwa na mkono wao bado, lakini soko lao lilikuwa Ulaya, na mlango wake ulikuwa na wenye funguo wawili tu. Picha zikakaa kwenye makabati ya Ubelgiji, na majina yakasahauliwa karibu. Mwaka 2015, katika maonyesho ya Beauté Congo kwenye Fondation Cartier, Paris, historia ya uchoraji wa kisasa wa Kongo ilianza kuhesabiwa tangu 1926, yaani tangu karatasi zile za Bukama. Lubaki na Djilatendo wamepata sifa. Mapato ya maisha ni jambo lingine.

Kilichobadilika Lubumbashi

Historia haikuishia pale. Mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua Elisabethville karakana iliyoitwa Le Hangar. Humo walifanya kazi Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga, Bela na wengine. Bela, aliyetokea Chad, alichora kwa vidole vyake bila burashi. Hapa pia mzungu mmoja njo aliongoza, na alikufa mwaka 1954. Lakini safari hii kazi haikufa naye. Juu ya nini? Kwanza, wachoraji walikuwa wengi pamoja, fasi moja, wanajuana. Pili, mjini kulikuwa Akademi ya sanaa iliyofunguliwa na Laurent Moonens mwaka 1951, nao wakaweza kuendelea huko. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kisha, miaka ya 1970, Katanga iliona jambo jipya kabisa: wachoraji wanaouzia jirani. Tshibumba Kanda-Matulu na wenzake walichora kwenye kitambaa cha magunia ya unga, wakatembeza picha kwa watu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Mnunuzi alikuwa mfanyakazi wa mugodi, karani, mwalimu, akaitundika sebuleni. Walichora mamba muntu, walichora koloni ya Wabelgiji na fimbo yake. Watu waliita picha za namna hiyo ukumbusho, maana zinamfanya mtu akumbuke na kusimulia. Tshibumba alichora historia yote ya inchi, picha karibu mia moja, akamuelezea mwalimu Johannes Fabian kila picha kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Maelezo hayo yako ndani ya kitabu kilichotoka mwaka 1996.

Soko la jirani lilikuwa na nguvu yake: mchoraji alisikia bei kwa masikio yake, akajua watu wanataka nini. Lakini nalo lilitegemea mshahara wa mugodi. Baada ya zairianisation ya 1973 na bei ya shaba kuanguka, mfuko wa mfanyakazi ulikauka, na picha njo kitu cha kwanza mtu anaacha kununua.

Kinshasa, Chéri Samba alianza kwa kuchora mabango ya maduka, akafungua karakana yake mwaka 1975, na ni baadaye tu, mwaka 1989, alioneshwa Paris katika Magiciens de la terre. Bango lilimlisha kabla jina halijakuwa kubwa.

Sisi sasa

Nikiweka historia hii mbele ya swali letu, ninaona mambo matano ya kupeleka kwenye mkutano mkuu.

Kwanza, mkopo uwe wa kikundi, si wa mtu mmoja mmoja. Karatasi nzuri na rangi vinunuliwe pamoja, na kila mmoja atie sahihi ya alichochukua.

Pili, asiache mtu kazi yake ya kwanza. Mshoni abaki mshoni, mlimaji abaki na shamba.

Tatu, kila karatasi iandikwe nyuma: jina la aliyechora, kijiji, mwaka, na bei. Mke na mume wakichora, majina mawili. Kabla picha haijatoka, ipigwe foto kwa simu, foto ibaki kwa komite.

Nne, asiwepo mnunuzi mmoja tu. Wageni wa mashirika wananunua, sawa. Lakini kuko pia shule zinazotaka michoro ya ukutani, maduka yanayotaka mabango, arusi zinazotaka kadi. Picha ya rangi ya maji inaogopa jua na unyevu, kwa hiyo ile ya kutundikwa iwekwe nyuma ya kioo, na bei ya kioo iingie katika hesabu.

Tano, kwa wafadhili wetu. Sanduku la rangi ni zawadi nzuri, lakini linakwisha, na Bukama karatasi ilipokoma kazi ilikoma. Mkitaka kutusaidia, tusaidieni tujue vifaa vinapatikana wapi na kwa bei gani, mtuoneshe bei ya mwisho picha inapouzwa kwenu, na mtukutanishe na mnunuzi mwenyewe.

Kwa wazee wanaosema picha hailiwi, ninawaomba wasimame siku ile waulize hesabu: mkopo kiasi gani, unarudi lini, nani anajibu usiporudi. Maswali hayo hayakuulizwa Bukama. Matawi yajadili, yalete sauti yao kwa komite.